Hasira za Detroit Hazikuanza na Isaiah Stewart

Kuanzia Oktoba 30 hadi Desemba 28, 2023, Detroit Pistons, timu ya kikapu ya ligi ya NBA ya Marekani, waliingia uwanjani mara 28 na mara zote 28 wakatoka wamefungwa. NBA haikuwahi kuona timu ikipoteza mechi nyingi hivyo mfululizo ndani ya msimu mmoja. Waliokaribia ni Cleveland Cavaliers na Philadelphia 76ers, nao waliishia 26. Msimu ulipofungwa Aprili 2024, Pistons walikuwa wameshinda mechi 14 na kupoteza 68, matokeo mabaya kuliko yote katika historia ya klabu iliyotwaa ubingwa mwaka 1989, 1990 na 2004.

Hata hivyo, mashabiki wengi wa huku kwetu Tanzania, tunaoifuatilia ligi ile usiku wa manane au kwa vipande vya video kwenye simu, hatukuwa tukiijua Pistons ya miaka hiyo kwa vipigo vyake. Tuliijua kwa kukunjana mashati. Jina la mchezaji wao Isaiah Stewart lilitosha kumwambia mtu kwamba leo huenda pakachafuka. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa mepesi: vijana hawana nidhamu, wanaofungwa huwa na hasira, na huyo Stewart ana damu ya moto. Siyakubali maelezo hayo. Nikiangalia mfuatano wa matukio, naona hasira zile zilipikwa ofisini miaka kadhaa kabla ya kumwagika uwanjani, na kijana aliyeonekana kwenye kamera ndiye aliyebebeshwa lawama za watu wazima.

Tuanze na Novemba 21, 2021. Pistons wanawakaribisha Los Angeles Lakers, robo ya tatu, wenyeji wako mbele kwa zaidi ya pointi 10. Unapigwa mtupo huru, na LeBron James na Stewart wanagombea nafasi ya kuchukua ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa, kazi ya kawaida ya kusukumana viwiko ambayo waamuzi huiacha ipite. Mkono wa LeBron unarudi nyuma na kumpiga Stewart usoni. Damu inashuka kutoka juu ya jicho. Baadaye alishonwa nyuzi nane. Stewart anamfuata LeBron, anazuiwa, anatulia kidogo, anachomoka tena, anazuiwa tena, kisha anakimbia kuzunguka upande mwingine akitafuta upenyo. Wote wawili walitolewa. Ligi ilimfungia LeBron mechi moja, adhabu ya kwanza ya aina hiyo katika maisha yake ya NBA, na Stewart mechi mbili. Lakers walishinda 121-116.

Watu walijadili sana nani alimkosea nani. Mimi kilichonikaa kichwani ni nani alikuwa akimshika Stewart. Mmoja wao alikuwa Cade Cunningham, kijana wa miaka 20 aliyekuwa na mwezi mmoja tu kwenye ligi, amesimama kifuani kwa mwenzake aliye mzito kuliko yeye, akijaribu kumrudisha nyuma. Stewart naye alikuwa na miaka 20. Kocha Dwane Casey alikuwa pale pia akihangaika. Kijana akimtuliza kijana mwenzake mbele ya nyota mkubwa wa zama hizi: picha hiyo ilieleza hali ya klabu vizuri kuliko jedwali la msimamo.

Mwaka uliofuata, Desemba 28, 2022, dhidi ya Orlando Magic, Moritz Wagner wa Magic alimsukuma Killian Hayes kwenye benchi la Pistons wakati wakikimbilia mpira uliokuwa ukitoka nje. Hayes akamrudia kwa kumpiga nyuma ya kichwa. Hayes alifungiwa mechi tatu, Wagner mbili, Hamidou Diallo wa Pistons moja, na wachezaji wanane wa Magic wakafungiwa mechi moja kila mmoja kwa sababu waliinuka benchi na kusogea kwenye ugomvi. Kanuni ya NBA hapo haina huruma: ukiwa benchi na ugomvi ukazuka, kaa pale pale hata kama ni ndugu yako anayepigwa. Kisha Februari 14, 2024, huko Phoenix, Stewart ambaye hata hakuwa anacheza siku hiyo kwa sababu ya jeraha la kifundo cha mguu, alimpiga ngumi Drew Eubanks wa Phoenix Suns ndani ya jengo kabla ya mechi kuanza. Polisi walimkamata, wakamwandikia kosa na kumwachia. Ligi ikamfungia mechi tatu.

Tukio la Phoenix silitetei. Mtu hapigwi ngumi kazini, na mechi ilikuwa haijaanza, kwa hiyo hata kile kisingizio cha joto la mchezo hakikuwepo. Lakini tazama tarehe. Siku hiyo Pistons walikuwa wameshinda mechi nane na kupoteza 45. Huyu ni kijana aliyeingia klabuni mwaka 2020 na hakuwahi kuona msimu hata mmoja ambao timu yake ilishinda mechi 25: 20 msimu wa kwanza, 23 wa pili, 17 wa tatu, na sasa hii. Mtu aliyelelewa na mchezo kuamini kwamba kushindwa ni aibu, kwa miaka minne anaambiwa na waajiri wake kwamba kushindwa ni sehemu ya mpango.

Mpango wenyewe unaeleweka. NBA haina kushuka daraja. Timu mbovu haiendi kokote. Inazawadiwa nafasi ya juu kwenye drafti, pale vijana bora kutoka vyuo vikuu vya Marekani na nchi nyingine wanapochaguliwa. Kwa hiyo klabu ikiona haina njia ya kufika mbali, huuza wakongwe, hujaza vijana, hukubali kufungwa, halafu husubiri bahati nasibu ya drafti. Ndivyo Pistons walivyopata Cunningham, chaguo la kwanza mwaka 2021. Troy Weaver, meneja mkuu aliyeajiriwa mwaka 2020, alivunja karibu kikosi chote alichokikuta na kuanza upya.

Sasa, tangu mwaka 2019 ligi ilibadili hesabu za bahati nasibu hiyo ili kuzikatisha tamaa timu zinazofungwa kwa makusudi. Zamani timu ya mwisho ilikuwa na asilimia 25 ya kupata chaguo la kwanza. Kwa hesabu hizo za 2019 timu tatu za mwisho zilipewa asilimia 14 kila moja, na iliyo mkiani kabisa iliweza kuporomoka hadi nafasi ya tano. Pistons walichagua wa tano mwaka 2022. Mwaka 2023, baada ya kushika mkia kwa ushindi 17, wakaangukia tena nafasi ya tano huku Victor Wembanyama, chaguo la kwanza mwaka huo, akienda San Antonio. Mwaka 2024, baada ya zile mechi 68 za kufungwa, nafasi ya tano tena. Mara tatu mfululizo! Jaden Ivey, Ausar Thompson na Ron Holland, waliochaguliwa kwa nafasi hizo, ni wachezaji wazuri, sina neno nao. Lakini klabu iliyowataka vijana wake wavumilie fedheha kwa ahadi ya malipo ya baadaye ilikuwa imeiweka ahadi hiyo mikononi mwa mashine ya kuchanganya mipira ya namba.

Na wakati malipo hayaji, Weaver aliongeza kamari juu ya kamari. Alimchukua Marvin Bagley III, chaguo la pili la mwaka 2018, aliyeshindwa kung'ara Sacramento. Akamchukua James Wiseman, chaguo la pili la mwaka 2020, aliyeshindwa kupata nafasi Golden State, na kwa ajili yake akamwachia Saddiq Bey, mmoja wa wachezaji wachache waliojua kurusha kutoka mbali. Wote wawili ni wachezaji warefu wa karibu na goli, eneo lile lile la Stewart na Jalen Duren. Kikosi kikajaa warefu wanaobanana kwenye eneo moja, na mabeki wa timu pinzani wakawa na raha ya kumsubiri Cunningham katikati kwa sababu hakuna aliyetisha nje ya mstari wa pointi tatu.

Sisi Watanzania tunaijua vizuri hadithi ya chaguo la pili. Mwaka 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, kijana wa mita 2.21 aliyetokea Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. James Harden alikuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Memphis walikuwa wametoka kwenye msimu wa ushindi 24, wanajenga upya, na walimtaka awe ukuta wao. Mbele yake walikuwepo Marc Gasol na Zach Randolph, dakika za kucheza zikawa chache, na kufikia Februari 2010 alikuwa ameshapelekwa ligi ya maendeleo akacheze Dakota Wizards. Mwaka mmoja baadaye alihamishiwa Houston. Mpaka leo kuna watu wanamtaja kwa kejeli kana kwamba yeye ndiye aliyejichagua. Hainiingii akilini. Kijana aliyeanza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15 alihitaji muda na mwalimu, na klabu iliyomnunua ilihitaji jibu la haraka. Ile namba inageuka deni analotembea nalo mchezaji, na waliomkopesha hawaonekani tena pindi mambo yakiharibika. Bagley na Wiseman walifika Detroit na deni hilo hilo mabegani. Ukijumlisha watu wa namna hiyo kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo, kila mmoja akipigania mkataba wake unaofuata, huwezi kushangaa wakiwa wepesi wa kukasirika.

Katikati ya 2023 mmiliki, Tom Gores, alimpa Monty Williams mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 78.5, mkubwa kuliko wa kocha yeyote hadi wakati huo. Williams alikuwa ameifikisha Phoenix fainali mwaka 2021. Detroit alikaa msimu mmoja. Alimweka Ivey benchi na kumpendelea Hayes, ambaye klabu yenyewe ilimwachia kabla Februari haijafika katikati. Sina mengi ya kusema juu yake; kocha mzuri kwenye kikosi kisichokamilika ni kocha anayesubiri kufukuzwa, na Juni 2024 akafukuzwa.

Kuna anayeweza kuniambia wakongwe walikuwepo. Ni kweli. Bojan Bogdanović alikuwa na miaka 34, Alec Burks 32, Joe Harris 32. Lakini Bogdanović alianza msimu ule akiwa majeruhi, Harris hakucheza vya kutosha, na Februari 2024, dirisha la kubadilishana wachezaji likikaribia kufungwa, Bogdanović na Burks wakapelekwa New York. Hao walikuwa wakongwe wa kuuzwa. Kila mtu kwenye kikosi, wao wenyewe wakiwamo, alijua kwamba thamani yao kwa klabu ilikuwa kile ambacho wangeleta wakiondoka. Mtu anayejua ataondoka Februari hawezi kuwa ndiye anayekuita pembeni Novemba na kukwambia, dogo, hiyo faulo ya kiufundi imetugharimu. Au akikwambia, humsikilizi.

Faulo ya kiufundi, ile anayopewa mchezaji kwa utovu wa nidhamu kama kumlalamikia mwamuzi, inagharimu kweli, na hapa ndipo hasira zinapogeuka kuwa suala la ufundi. Kila moja inampa mpinzani mtupo huru wa bure. Mbili kwa mchezaji mmoja, yuko nje. Zikifika 16 kwenye msimu, mchezaji anafungiwa mechi moja, na kabla ya hapo anakatwa pesa, dola 2,000 kwa zile za mwanzo na kuendelea kupanda. Kwa timu inayoshinda kwa pointi 15, hayo ni makombo. Kwa timu inayopoteza kwa pointi tatu au nne ni mechi yenyewe. Na Pistons wa Desemba 2023 hawakuwa wakichapwa kwa pointi 40 kila siku. Desemba 26 walipoteza kwa Brooklyn Nets 118-112 nyumbani kwao, Cunningham akiwa amefunga pointi 41, na mashabiki wakaimba wakimtaka mmiliki aiuze timu. Siku mbili baadaye huko Boston walikuwa mbele kwa pointi 19 wakati wa mapumziko, dhidi ya timu iliyokuja kuwa bingwa msimu huo, wakafungwa 128-122 kwenye dakika za nyongeza. Ushindi ulikuja Desemba 30 dhidi ya Toronto Raptors, 129-127, Raptors wakiwa pungufu kwa sababu siku hiyo hiyo walikuwa wamemuuza OG Anunoby.

Ukiwatazama kwenye mechi ya Boston uliona kitu ambacho takwimu hazikionyeshi vizuri. Robo ya tatu, mpinzani akianza kurudi, kila mtu alitaka kuwa mwokozi peke yake. Pasi zinapungua, mchezaji anarusha mapema, anakosa, anamlaumu mwamuzi huku mpinzani anakimbia upande wa pili. Ile sekunde moja ya kunyoosha mikono kulalamika ndiyo pointi mbili. Hiyo pia ni hasira, ingawa haina ngumi, na ndiyo iliyowafungisha mechi nyingi zaidi kuliko ugomvi wote wa Stewart ukijumlishwa.

Detroit yenyewe ina historia inayowachanganya watu katika jambo hili. Kikosi cha mwishoni mwa miaka ya 1980, kilichojulikana kama Bad Boys, cha Isiah Thomas, Bill Laimbeer, Rick Mahorn na Dennis Rodman, kilijenga jina kwa kuumiza watu, na mji wa viwanda vya magari ukakipenda kwa sababu hiyo. Kwa hiyo Stewart alipoanza kusukumana na kila mtu, wapo waliofurahi wakisema Laimbeer mpya amezaliwa. Naona walisahau nusu ya habari. Ubabe ule ulikuwa na bosi. Kocha Chuck Daly alijua lini aulegeze na lini aukaze, na pembeni kulikuwa na Joe Dumars, mtulivu kuliko wote, ambaye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa fainali za 1989. Miaka mingi baadaye, Stewart alipofungiwa kwa tukio la Phoenix, ofisi ya ligi iliyotoa adhabu hiyo ilikuwa chini ya Dumars huyo huyo.

Na kuna Novemba 19, 2004, usiku ambao Pistons wakiwa mabingwa watetezi waligombana na Indiana Pacers na ugomvi ukafika mpaka kwa mashabiki jukwaani. Wachezaji tisa walifungiwa, jumla ya mechi 146. Ulianza kwa Ben Wallace kumsukuma Ron Artest, mechi ikiwa imebaki chini ya dakika moja na Pistons wamekwisha kufungwa. Tukio hilo linanizuia kusema kwamba hasira ni ugonjwa wa timu dhaifu pekee. Mabingwa nao wanaupata. Tofauti ni kwamba Pistons wale waliufuta usiku ule kwa kufika fainali tena mwaka 2005. Pistons wa 2024 hawakuwa na mechi kubwa ya kuelekezea nguvu zote hizo.

Mei 2024 klabu ilimleta Trajan Langdon kuongoza shughuli za kikapu, Weaver akaondoka, na J.B. Bickerstaff akawa kocha. Langdon hakuvunja tena. Alimrudisha Tobias Harris, aliyewahi kucheza Detroit, kwa mkataba wa miaka miwili. Akawachukua Tim Hardaway Jr. na Malik Beasley, watu ambao kazi yao kuu ni kurusha kutoka mbali, na Februari 2025 akamwongeza Dennis Schröder. Msimu ukaisha kwa ushindi 44 na vipigo 38. Hakuna timu nyingine iliyowahi kuzidisha ushindi wake mara tatu kutoka msimu mmoja kamili wa mechi 82 kwenda unaofuata. Nafasi ya kupumua aliyopewa Cunningham ilimfanya awe mmoja wa wachezaji 15 bora wa msimu, na Beasley alifunga mitupo 319 ya pointi tatu.

Stewart alibaki, na hakubadilika kuwa malaika. Machi 30, 2025, huko Minneapolis, Ron Holland na Naz Reid wa Timberwolves walirushiana maneno, Donte DiVincenzo akaingia, na dakika moja baadaye wachezaji walikuwa wamerundikana kwenye viti vya mstari wa mbele. Watu saba walitolewa, kocha Bickerstaff mwenyewe akiwa mmoja wao. Stewart alifungiwa mechi mbili, Holland na Marcus Sasser moja moja. Pistons walipoteza 123-104. Kwa maneno mengine, timu iliyokuwa ikishinda ilikuwa na hasira zile zile, pengine zaidi, na ilistahili adhabu ile.

Ila fuatilia kilichotokea wiki nne baadaye. Aprili 27, raundi ya kwanza ya mtoano, mechi ya nne dhidi ya New York Knicks nyumbani Detroit. Knicks wako mbele 94-93. Sekunde za mwisho Hardaway anarusha kutoka kona, Josh Hart anamgonga, kipenga kimya. Baada ya mechi kiongozi wa waamuzi alikiri kwamba ilikuwa faulo. Hardaway angepiga mitupo huru mitatu huku timu yake ikihitaji miwili. Hiyo ndiyo dhuluma kubwa kuliko zote walizofanyiwa katika miaka hiyo minne, na hakuna aliyerusha ngumi. Walilalamika, Bickerstaff alilalamika kwa sauti, kisha wakasafiri hadi New York na kushinda mechi ya tano. Katika mechi ya pili walikuwa wameshavunja mfululizo wa vipigo 15 vya mtoano, wakiwa hawajashinda mechi ya hatua hiyo tangu 2008. Walitolewa kwenye mechi ya sita, 116-113, kwa mtupo wa Jalen Brunson sekunde chache kabla ya kipenga. Kati ya mwishoni mwa Oktoba na Novemba mwaka huo huo wakashinda mechi 13 mfululizo.

Wanaosema ushindi ndio uliowatuliza wanaanzia mwishoni. Ushindi ulikuja kwa sababu Tobias Harris na wenzake walikuwepo tangu siku ya kwanza ya mazoezi wakijua watakuwepo Aprili. Mchezaji wa miaka 21 anajifunza namna ya kubeba kosa la mwamuzi kwa kumwona mtu wa miaka 32 akilibeba, mara 82 kwa msimu, na somo hilo halifundishwi kwa kukatwa dola 2,000.

Mpango ule wa kukubali kufungwa haukuishia Detroit. Washington Wizards walishinda mechi 15 msimu wa 2023-24 na 18 uliofuata, wakiwa na kikosi cha watoto. Utah Jazz walishinda 17 msimu wa 2024-25, wakatozwa faini ya dola 100,000 kwa kumpumzisha Lauri Markkanen isivyostahili, wakashika mkia wa ligi nzima, na kwenye bahati nasibu wakaangukia nafasi ya tano. Chaguo la kwanza, Cooper Flagg, lilikwenda kwa Dallas Mavericks waliokuwa na asilimia 1.8 tu. Siku kijana wa klabu kama hizo atakapomrukia mtu, ligi itamfungia, na itakuwa sawa. Ningependa siku hiyo hiyo mmiliki na meneja wake waitwe mbele ya waandishi na kuulizwa ni wachezaji wangapi wenye zaidi ya miaka 30 wamepewa mkataba wa kubaki, na ni wangapi wamewekwa pale wakisubiri kuuzwa Februari.